Mlango wa ndoa, ufunguo uko mfukoni mwa nani?

Usiku mmoja rafiki yangu alinipigia simu, saa ambayo mtu hapigi bila jambo. Hakusalimu. Alisema tu, "Shoga, mume wangu kaniomba ruhusa." Nikadhani ni ruhusa ya safari. Akanyamaza, kisha akaeleza kwamba mumewe anataka waifungue ndoa yao: kila mmoja awe huru kuwa na mtu mwingine, bila uongo, bila kujifichaficha, na wao wabaki mke na mume kama walivyo. Alilisema kwa upole. Alikuwa amelisomea. Alimwambia kwamba watu wazima wanaoheshimiana hawamilikiani.

Nilimuuliza swali moja: "Huyo mtu mwingine yupo tayari, au bado hayupo?"

Alichukua muda kujibu. "Yupo."

Tangu siku ile jambo hili halijanitoka. Najua likitajwa tu watu hugawanyika: hawa wanasema ni uzinzi uliopakwa rangi, wale wanasema ni ukweli ambao wengi tunauogopa. Mimi naamini katika ndoa ya watu wawili, nami nimo ndani ya ndoa ya namna hiyo kwa miaka 17. Lakini tunaoitetea tumezoea kuitetea kwa hoja dhaifu, na hoja dhaifu hazimsaidii mwanamke aliyekaa kitandani saa 5 usiku akiambiwa achague.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema ndoa ya wazi ni kitu kipya, kimeletwa na kizazi cha simu. Si kweli. Kwa nusu ya wanandoa mlango umekuwa wazi karne na karne. Kanuni ya Adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810 ilimpeleka jela mke aliyezini, kuanzia miezi 3 hadi miaka 2. Mume yeye alitozwa faini, tena pale tu alipomweka hawara ndani ya nyumba anamoishi na mkewe. Akimpangia chumba mtaa wa pili, sheria haikuwa na neno naye. Uzinzi haukuacha kuwa kosa la jinai nchini humo mpaka mwaka 1975. Watu walioishi chini ya sheria hiyo wangekuambia kwamba ndoa zao ni za mke mmoja na mume mmoja, na wangesema hivyo bila kupepesa macho.

India ndiko ninakokukumbuka zaidi. Kifungu cha 497 cha kanuni ya adhabu ya nchi ile, kilichoandikwa mwaka 1860 chini ya utawala wa Waingereza, kilimwadhibu mwanamume aliyelala na mke wa mtu bila ridhaa ya mume huyo. Ya mume. Akiridhia, hapakuwa na kosa. Mke hakuadhibiwa, na wala si kwa huruma: hakuhesabiwa kuwa mwenye kauli katika jambo hilo. Na mume akienda kwa mwanamke asiyeolewa au kwa mjane, mkewe hakuwa na mahali pa kushitaki kwa kifungu hicho. Mahakama ya Juu ya India ilikifuta Septemba 2018. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 150 ilikuwapo sheria iliyotambua kwamba ndoa inaweza kufunguliwa kwa ridhaa, ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

Ndiyo maana nikisikia mwanamume anaomba ndoa ya wazi kwa maneno ya uhuru, sikimbilii kushtuka. Nauliza kwanza ni nini hasa kilicho kipya hapo. Kipya ni vitu viwili tu: kwamba wote wawili wanajua, na kwamba wote wawili wanaruhusiwa sawasawa. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, umerudi kulekule kwa mume wa 1810, na nyumba ndogo mtaa wa pili.

Na hicho cha pili, usawa, ndicho kinachowashinda hata wanaokihubiri. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, alimwoa Dora Black mwaka 1921, na wote wawili waliamini kwamba mtu hapaswi kumfunga mwenzake. Mwaka 1929 alitoa kitabu kizima kuhusu ndoa na maadili, akaeleza kwamba kutoka nje peke yake kusiwe sababu ya kuvunja ndoa, na kwamba wivu ni kitu cha kudhibitiwa, si cha kuheshimiwa. Kisha Dora akazaa watoto wawili na mwandishi wa habari wa Kimarekani, Griffin Barry. Russell alijaribu kulibeba, likamshinda. Talaka ilitoka mwaka 1935. Naye hakuwa amekaa peke yake muda wote huo. Mwaka 1936 alimwoa mwanamke ambaye alikuja nyumbani kwao mwanzoni kulea watoto. Miaka mingi baadaye, akiandika habari za maisha yake, alikiri kwamba uwezo wake wa kusamehe haukutosha kwa mzigo aliokuwa amejitwisha.

Simtaji ili nimcheke. Namheshimu kwa kukiri. Nilichojifunza kwake ni kwamba akili inaweza kulikubali jambo jioni, mwili ukalikataa asubuhi, na mtu asiwe mnafiki hata kidogo. Wivu hauombi hoja. Unakuja tumboni, unakuja usiku, unakuja pale mwenzako anapochelewa dakika 20 na unajua alipo kwa sababu mwenyewe ulisema sawa. Wanaoishi ndani ya ndoa za wazi kwa ukweli wanalijua hili kuliko sisi. Hawasemi kwamba hawana wivu. Wanasema wanauongelea kila wiki, na kwamba kazi hiyo haiishi. Nikiwasikia nawaamini, na najiuliza ni wanandoa wangapi wenye milango iliyofungwa wanaozungumza kwa uwazi kiasi hicho.

Mwaka 1972 mke na mume wa Kimarekani, Nena na George O'Neill, waliandika kitabu kilicholieneza jina linalotumika mpaka leo, ndoa ya wazi. Sehemu kubwa ya kitabu hicho haikuwa juu ya kitanda hata kidogo. Ilikuwa juu ya wanandoa kupeana nafasi: mke awe na marafiki zake, kazi zake, mawazo yake, na mume vilevile. Suala la kulala nje lilichukua nafasi ndogo tu. Lakini wasomaji walilikamata hilo dogo wakaacha mengine, na neno likazunguka dunia na maana moja. Mwaka 1977 Nena alitoa kitabu kingine akirudi kuutetea uaminifu wa kimwili. Sehemu yao nzuri imesahaulika kabisa, nami nasikitika. Kwa maana ndoa nyingi ninazoziona zinakufa kwa kukosa hewa ya kawaida kabisa, mtu mmoja hana rafiki, hana saa yake mwenyewe, hana jambo lisilochunguzwa, halafu siku akizidiwa anadhani kinachomtatiza ni kukosa mpenzi mwingine. Mara nyingine alichokosa ni alasiri moja ya peke yake.

Nisiwe mwongo kwa kuchagua mifano iliyovunjika tu. Ipo iliyodumu. Vita Sackville-West, mwandishi wa Kiingereza, aliolewa na Harold Nicolson mwaka 1913, na kila mmoja wao alikuwa na wapenzi nje, na mwenzake akijua. Walikaa pamoja mpaka Vita alipofariki mwaka 1962, wakitengeneza bustani ambayo watu wanaitembelea hadi leo, na wakiwa mbalimbali waliandikiana barua karibu kila siku. Ninapozifikiria barua zile naona uaminifu, hata kama si wa aina yangu. Lakini usisahau mwaka 1920, Vita alipotoroka kwenda Ufaransa na mpenzi wake, Violet Trefusis, naye Harold na mume wa Violet wakalazimika kupanda ndege kuwafuata. Ndoa ilibaki kwa unywele. Waliofaulu pia walilipia.

Yupo na William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyembuni Wonder Woman, shujaa wa kike wa vitabu vya katuni, mwaka 1941. Aliishi nyumba moja na mkewe Elizabeth na mwanamke wa pili, Olive Byrne, na kila mmoja alimzalia watoto wawili. Elizabeth alikwenda kazini, Olive akalea wanne wote. Marston alikufa mwaka 1947, na wanawake wale wawili wakaendelea kuishi pamoja kwa zaidi ya miaka 40. Hilo linanigusa sana. Lakini watoto wa Olive walikua wakiambiwa kwamba baba yao ni mtu mwingine, marehemu, mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Na Marston ndiye huyohuyo aliyefanya utafiti wa kutambua uongo kwa kupima shinikizo la damu. Mtu aliyetafuta njia ya kuunasa uongo aliwalea watoto wake mwenyewe ndani yake. Mapenzi yao sina shaka nayo. Nawafikiria watoto.

Na katika mazungumzo haya yupo mtu tunayemsahau kila mara: wa tatu. Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, wanafalsafa wa Ufaransa ambao hawakuoana, waliwekeana mkataba mwaka 1929: wao wawili ni penzi la lazima, na mengine yatakayokuja ni ya nasibu. Wengi wameusifu mkataba ule. Mimi huuona kwa macho ya Bianca Lamblin, aliyekuwa mwanafunzi wa Beauvoir, akapendwa na wote wawili akiwa msichana, kisha akaachwa na wote wawili mwaka 1940, yeye akiwa Myahudi na Ufaransa ikiwa vitani. Barua za Beauvoir zilipochapishwa mwaka 1990, akasoma walivyokuwa wakimwongelea. Mwaka 1993 akatoa kitabu chake kueleza alivyoumia. Kwa miaka 50 na zaidi mtu aliishi na jeraha alilolipata ndani ya mkataba ambao yeye hakuuandika. Kumwita binadamu "wa nasibu" ni kumwamulia thamani kabla hajafungua mdomo. Rafiki yangu aliponiambia "yupo," nilimfikiria yeye kwanza, lakini baadaye nilimfikiria pia yule mwingine. Ameambiwa nini? Anajua kwamba yupo mke anayelia usiku ili yeye apate nafasi ya Jumamosi?

Watu huniletea utafiti. Ni kweli, wanasaikolojia wa Marekani wamelinganisha watu walio katika uhusiano wa wazi na walio katika uhusiano wa watu wawili, na tafiti kadhaa hazikuona tofauti kubwa katika kuridhika. Sina sababu ya kuwapinga. Ila anayejaza dodoso kuhusu uhusiano wake ni yule ambaye bado yumo ndani yake. Waliokwisha kutoka na mabegi yao hawaulizwi. Hilo ni kweli kwa ndoa za aina zote mbili, na ndiyo sababu takwimu za namna hiyo hazinipi jibu la nani aishi vipi.

Wala wanyama hawanipi. Zamani tuliambiwa ndege ni mfano wa uaminifu, kwa kuwa karibu aina 9 kati ya 10 huishi wawili wawili. Vipimo vya vinasaba vilipopatikana miaka ya 1980, ikaonekana kwamba katika aina nyingi baadhi ya vifaranga kiotani si wa yule dume anayewalisha. Basi upande mmoja ukafurahi. Mimi sioni kwa nini. Ndege hakumwahidi mtu.

Ahadi ndiyo kiini. Na hapa ndipo nasimama na kusema ninachokiamini kwa moyo wote: ridhaa inayotolewa kwa hofu ya kuachwa si ridhaa. Mume anapomwambia mkewe "tuifungue ndoa" na mtu tayari yupo, hajaomba ruhusa. Ametangaza, kisha anaomba saini. Mke anayejibu "sawa" huku akipiga hesabu ya kodi ya nyumba, ya watoto, ya aibu, ya umri wake, hakukubali ndoa ya wazi. Amekubali kutoachwa mwezi huu. Na inakuwa hivyohivyo mke anapomwomba mume. Nimeona wanaume wakikubali kwa tabasamu na kukonda mwaka mzima. Kwa hiyo ningekuwa na uwezo wa kuweka sharti moja, ningesema hivi: ombi hili liletwe wakati hakuna mtu anayesubiri nje. Liletwe pale ambapo "hapana" haina gharama. Na aliyeliomba awe tayari kulisikia jibu hilo mara moja, asilirudie kila wiki mpaka mwenzake achoke. Kuchoka nako si kuridhia.

Na akikubaliwa, azungumze kwa maneno ya watu wazima. Wengi husema "tutakuwa waangalifu" wakadhani wamemaliza. Uangalifu ni kondomu kila mara, na ni kupima kwa tarehe zinazojulikana. Kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kisione maambukizi ya wiki chache zilizopita, ndiyo maana mtu huambiwa arudie baada ya miezi 3. Na wiki hizohizo za mwanzo ndizo virusi huwa vingi mwilini na kuambukiza kwa urahisi. Mwenye mchepuko wa siri hana namna ya kumweleza mwenzake hayo. Hapo nakiri bila kinyongo: mtu aliyefungua ndoa yake kwa ukweli anamlinda mwenzake kuliko yule anayeapa madhabahuni au mbele ya mashahidi na kufuta meseji kabla hajaingia ndani. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hao wawili, namheshimu wa kwanza.

Mbona basi mimi nimefunga mlango wangu? Si kwa sababu mume wangu ni mali yangu. Ni kwa sababu nataka pawepo mahali pamoja duniani ambapo sishindanishwi. Kazini napimwa, barabarani natazamwa, hata kwa ndugu zangu kuna aliyefanikiwa zaidi na aliyezeeka polepole zaidi. Nikirudi kwake nimeshachaguliwa. Sihitaji kuchaguliwa upya kila Ijumaa. Nimezeeka mbele ya macho yake na macho hayo hayajaenda kulinganisha. Hicho nacho ni uhuru, na nashangaa wanaoongelea uhuru hawakitaji. Kutamani wengine natamani, sijafa. Lakini kila tamaa inaponipita nikairudisha nyumbani mikono mitupu, nahisi nimeweka kitu katika chungu ambacho sisi wawili tu tunajua kilipo.

Siwezi kumlazimisha mtu mwingine aone hivyo. Ninachoweza ni kutofunga mlango kwa mazoea. Baada ya simu ile nilitambua kwamba mimi na mume wangu hatukuwahi kuulizana. Tuliapa, ndiyo, kwa maneno tuliyopewa. Lakini hakuna siku niliyomuuliza yeye, kwa maneno yake, nini akikiona atasema nimemsaliti.

Nikamuuliza. Tulikuwa tunakunja nguo. Nilidhani atataja kitanda. Alikunja shati moja mpaka likaisha, akaliweka juu ya mengine, kisha akasema: "Siku utakapokuwa na jambo zito, ukamweleza mtu mwingine kwanza, na mimi nikaja kuambiwa mwisho." Nikakaa kimya, kwa sababu simu ya rafiki yangu ilikuwa na wiki 2 na nilikuwa nimeishazungumza na dada yangu, na mwenzangu wa kazini, na kila mtu, isipokuwa yeye.

Nikaketi kando ya zile nguo na kumsimulia tangu mwanzo, bila kumtajia jina. Tulizungumza hadi usiku wa manane. Kuna mambo mawili aliyoyasema ambayo sikuyapenda, na moja nililolisema mimi ambalo bado hajalijibu.